Hakikisho la Bi. Mwavita

Waliambiwa waje watatu, wakaja kumi na wanne.

Nyamizi aliwaona kupitia dirisha la chumba chake cha kazi, wakishuka kwenye gari mmoja baada ya mwingine, shangazi mtu mbele na bakuli la vitumbua mikononi. Watatu angewaketisha mezani pake, wakatazama kwenye kioo kidogo anachofanyia kazi, yakaisha. Kumi na wanne walimlazimisha kuwasha skrini ya nje, ile iliyojaa ukuta mzima, na skrini ya nje haimsitiri mtu. Doa ambalo kwenye kioo cha mezani ni nukta, pale linakuwa sufuria.

Hapo alipaswa kusema: jamani, mmekuja wengi na mashine yangu leo imezidiwa, rudini Jumatano. Lakini nani angewaambia hivyo watu waliofiwa, waliovaa vizuri, waliokuja na vitumbua? Mwanamke wa Tabora akiingiliwa na wageni hana kitu, hutoka kwa mlango wa nyuma akaazime sahani nzuri kwa jirani, na wageni huondoka bila kujua. Nyamizi alilelewa hivyo, na miaka hamsini na miwili ya kuishi haikuwa imemfundisha vingine.

"Karibuni, karibuni sana. Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Tumekuja wengi, utatuvumilia tu." Shangazi alimkabidhi bakuli. "Huyu ndiye Hidaya, aliyemuuguza mama yake. Na yule," akashusha sauti na kuelekeza kidevu, "yule aliyesimama mlangoni ndiye Sudi, kaka mtu."

Habari za Sudi mji mzima ulikuwa nazo. Mama yake, Bi. Mwavita, alilala hospitali wiki tatu. Treni kutoka Dodoma siku hizo ilichukua saa moja na dakika ishirini. Sudi alisema atakuja kesho, akasema keshokutwa, akasema Ijumaa bila kukosa, na alipokuja alilikuta jeneza. Siku ya maziko alipoinama kuchota udongo, mdogo wake Hidaya alimwambia mbele ya watu wote, "Ulishindwa kumshika mkono akiwa hai, usimshikie udongo leo." Tangu siku hiyo walikuwa hawasemeshani. Shangazi ndiye aliyewaburuta wote wawili mpaka hapa.

Kazi ya Nyamizi ilikuwa kushona. Kila mtu mzima alivaa mboni, kigamba chembamba juu ya jicho kinachohifadhi kila anachokiona. Picha tu, sauti sheria iliikataza tangu mwanzo, ili yaliyosemwa baina ya watu wawili yabaki yao. Mtu akifa, hazina ya mboni zake hupewa mshonaji, naye huchagua vipande na kuviunganisha mpaka ipatikane filamu ya nusu saa, dunia kama marehemu alivyoiona. Filamu huonyeshwa siku ya arobaini, baada ya dua. Siku chache kabla, familia huja kwa mshonaji kuangalia hakikisho, wakasema hiki punguza, kile ongeza, huyu mwanamke tunamjua, mtoe.

Hazina ya Bi. Mwavita ilikuwa ya miaka thelathini na minane. Picha asili za uzito huo hazichezeki mbiombio. Mashine ya Nyamizi ilizivuta fremu nane kwa sekunde, watu wakawa wanatembea kwa kukwamakwama kama kuku aliyenaswa mguu. Ndiyo maana washonaji wote hufanya kazi kwa nakala nyepesi, zilizopunguzwa ubora hadi robo, na mwisho kabisa wakarudi kwenye picha asili. Kwenye kioo cha mezani nakala nyepesi inatosha. Kwenye ukuta wa mita mbili na nusu, nyuso zinakuwa uji.

Palikuwa na njia ya kuponea, nayo iliitwa kijazio. Ukikiwasha, mashine huitazama nakala nyepesi pale penye uji, hupekua hazina nzima ya marehemu, na kukisia palikuwa na nini: kanga hii ilikuwa na ua gani, mtu wa umbo hili huwa na uso upi. Kisha hujaza. Picha inatoka safi na haikwami. Chama cha washonaji kiliruhusu jambo hilo kwa sharti moja tu, kwamba kila panapojazwa, mshonaji awaambie watu kwa mdomo wake kuwa hapa ni makisio. Alama ya njano huwaka kwenye kioo chake cha mezani kumkumbusha. Kwenye skrini ya nje haiwaki, isije ikaharibu picha.

Na aliyekuwa akiwafundisha wanachama wapya sharti hilo, kila mwaka, kidole juu, alikuwa Nyamizi mwenyewe.

Alikiwasha kijazio. Akavuta kiti, akasema, "Bismillahi, tuanze."

Ilikwenda vizuri mno. Ukuta uliwaka rangi, na wageni wakaguna kwa raha. Soko la zamani lilipita, na mvua ya mwaka wa gharika, na Hidaya akiwa mchanga anapiga chafya mpaka shangazi akacheka na kulia kwa pamoja. "Picha safi hiyo!" mtu wa nyuma alisema. Nyamizi aliona fahari, na hilo baadaye ndilo lililomchoma kuliko yote, kwamba katika dakika zile alikuwa anajisikia vizuri.

Kipande cha mwisho alikuwa amekiunga asubuhi ileile, haraka haraka, bila kukitazama mara mbili. Ni wodini, saa nne kasoro, saa ambayo Hidaya alikuwa ameenda nyumbani kuoga na kupika uji. Aliporudi alikuta mama ameshakata roho. Kwenye ukuta, mlango wa wodi ulifunguka. Mwanamume mrefu, kichwa amenyoa, alisimama kidogo, akaingia, akainama, na uso wake ukasogea mpaka ukajaa skrini. Ulikuwa uso wa Sudi.

Hidaya alisimama, mtandio ukamwanguka begani asiuokote.

"Kaka. Kumbe ulikuja?"

Sudi alifungua mdomo. Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye uso wake mwenyewe.

"Ulikuja, nami nikakuambia maneno yale mbele ya watu?" Hidaya alimfuata mlangoni na kupiga magoti kwenye sakafu, mwanamke mwenye watoto wanne. "Nisamehe, kaka yangu. Nipe radhi. Mbona hukusema?"

"Niliogopa," Sudi alisema kwa sauti ya kukauka.

"Na mama alikuambia nini? Si aliongea nawe?"

Watu kumi na wawili walimwangalia. Shangazi alikuwa ameshika kifua. Sudi akasema, "Alisema tusigombane."

Vilio vilivyozuka hapo havikuwa vya msiba. Watu walikumbatiana, mtu akasema Alhamdulillahi, vitumbua vikaanza kuzunguka. Mezani, kwenye kioo kidogo ambacho hakuna aliyekitazama, palikuwa na kivuli kisicho na macho wala pua, na juu ya kivuli hicho alama ya njano imewaka.

Ilikuwa sentensi moja tu. Hapa ni makisio. Nyamizi aliishika mdomoni. Alijiambia asubiri Hidaya anyanyuke kwanza kutoka chini. Hidaya aliponyanyuka, alijiambia angoje vilio vitulie. Vilipotulia, shangazi alikuwa anamtilia kitumbua mkononi na kumwita mwanangu uliyetupatanisha, na sasa sentensi ile ilikuwa imekuwa nzito mara kumi. Tena, alijiambia, huenda kweli ni Sudi. Nikiwaharibia bure je? Akala kitumbua. Kilikuwa na iliki nyingi.

*

Kesho yake asubuhi alizima kijazio, akauweka ubora wa hakikisho kwenye kamili, akauachia ukuta mzima kipande kile kimoja tu. Kwa kipande kimoja mashine iliweza, kwa shida. Picha ilikuwa na chengachenga, kwa kuwa mboni za Bi. Mwavita zilikuwa zimebaki na nguvu kidogo na macho yake yenyewe yalishafifia. Lakini kilichokuwapo kilikuwapo.

Mwanamume alikuwa amevaa sare ya kijani ya wasafishaji wa hospitali, ambayo kijazio kilikuwa kimeigeuza shati la kawaida. Kifuani alikuwa na kitambulisho, na ukikisogelea uliweza kusoma jina: Mabula. Hakufanana na Sudi hata kidogo, ila urefu na kichwa cha kunyolewa. Alikuja mlangoni na mashine ya kupigia deki, akatazama kitandani, akaiacha mashine nje. Alikwenda kwenye sinki akanawa mikono, polepole, mpaka viwiko. Kisha akachukua kikombe na kijiko akamnywesha mgonjwa maji, kijiko kimoja, akangoja, kijiko kingine.

Mkono wa Bi. Mwavita ulionekana ukinyanyuka na kushika ule mkono wa sare. Mwanamume aliinamisha sikio. Alisikiliza. Alijibu kitu kifupi. Akasikiliza tena, akajibu tena. Baadaye akavuta stuli akaketi, na akakaa pale dakika kumi na moja, mkono wake ukiwa umeshikwa, mpaka picha ikafifia na mboni zikazimika zenyewe.

Nyamizi alikitazama mara tatu. Mara ya tatu alijifunika uso kwa kanga ingawa chumbani hapakuwa na mtu. Alikuwa amemnyang'anya mtu uso wake. Mtu amenawa mikono mpaka viwiko, amemnywesha mgonjwa wa wenyewe maji ya mwisho, na yeye Nyamizi, kwa kuogopa wageni wasiseme picha yake mbaya, amemfuta na kumbandika mwingine. Na maneno ya mwisho ya marehemu yalikuwa yameingia sikio moja tu duniani, na familia sasa ilikuwa haina sababu ya kumtafuta mwenye sikio hilo. Walikuwa wameshapewa maneno mengine.

Arobaini ilikuwa Jumamosi. Hiyo ilikuwa Jumanne. Alimpigia Sudi.

*

Sudi alikuja alasiri, peke yake, na alikaa kwenye kiti bila kuegemea. Nyamizi alimwonyesha kipande chote, kwa ubora kamili. Picha ilipofika pale pa kunawa mikono, Sudi aliangalia chini, na hakuangalia juu tena.

"Ulijua," Nyamizi alisema.

"Dada, mtu si anajua mahali alipokuwa?" Alisugua magoti yake. "Saa nne asubuhi ile nilikuwa Dodoma, kwenye kinyozi. Nataka nije nikiwa nadhifu, nipande treni ya saa sita. Kinyozi ameshika kichwa changu, simu inalia, ni Hidaya. Nikajua kabla sijapokea."

"Wiki tatu nzima, Sudi."

"Nilikuwa namwogopa," alisema. "Mama yangu alikuwa mtu mnene, anacheka mpaka jirani anasikia. Hidaya alinitumia picha yake siku ya pili, nikaona amekuwa mdogo kama mtoto. Nikasema kesho atapata nafuu kidogo, nimkute amepata nafuu. Kila siku nilisema hivyo. Hiyo ndiyo sababu yangu, na hata mwenyewe nikiisema naona haya."

Nyamizi alikuwa hana pa kusimama akamhukumu mtu.

"Sasa nisikilize," Sudi alisema, na hapo ndipo aliponyanyua uso. "Jana nimekula kwa Hidaya. Ameniita kwake, amenipikia, watoto wake wamenipanda mgongoni. Mwezi mzima mdogo wangu alikuwa hajala vizuri kwa ajili ya chuki ile, sasa anakula. Ukiiacha picha kama ilivyo, nani anaumia? Mama? Mama amekwisha. Yule msafishaji? Hajui hata kama yumo. Na wewe mwenyewe, dada, chama chako kikijua umewaonyesha watu makisio ukanyamaza, watakuacha ufundishe tena?"

Hilo la mwisho alilisema bila ubaya, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mwavuli. Nyamizi alilisikia likimwingia na kukuta mahali pamekwisha kuandaliwa. Tangu asubuhi alikuwa akilipigia hesabu jambo hilohilo. Kuacha kulikuwa kunamfaa Sudi, kunamfaa Hidaya kwa namna yake, na kulikuwa kunamfaa yeye kuliko wote. Kama Sudi angekuwa mwongo mwenye kiburi ingekuwa rahisi. Lakini alikuwa mtu aliyeaibika tu, anamwomba mwenzake aliyeaibika wasitiriane, na hakuna ombi gumu kulikataa kama hilo.

"Na maneno?" aliuliza.

"Maneno gani?"

"Uliyomwambia mama alisema."

"Yalitoka tu," alisema.

"Hidaya ameyaandika, unajua? Amenitumia jana. Anataka niyaweke mwisho wa filamu, kwa herufi kubwa. Tusigombane. Bi. Mwavita." Nyamizi aliona machozi yanamjia na hakuyazuia. "Uso nimeuzua mimi, maneno umeyazua wewe. Hapo marehemu amebakiwa na nini cha kwake? Nenda kamwambie mdogo wako. Una siku tatu. Ukishindwa, Jumamosi nitasema langu mbele ya walewale kumi na wanne, maana uongo ulionyeshwa kwa wengi, na ukweli nikimnong'oneza mmoja utageuka umbeya. La kwako sitalisema. Ila picha nitaionyesha."

Sudi aliondoka bila kuaga. Jumatano ikapita, na Alhamisi, na Ijumaa. Nyamizi alitumia siku hizo kutengeneza filamu upya kutoka kwenye picha asili, fremu kwa fremu, na kila simu ilipolia alitumaini ni Hidaya anampigia kumtukana.

*

Jumamosi uani kwa Hidaya dua ilikwisha, pilau likaliwa, na skrini ya nje, ambayo Nyamizi aliibeba kutoka kazini, ikasimamishwa mbele ya ukuta wa jiko chini ya turubai jeusi la kukata mwanga. Watu walikuwa kama hamsini. Sudi alikuwa safu ya mbele, na mtoto wa mwisho wa Hidaya mapajani. Alipomwona Nyamizi alimbusu mtoto utosini na kumkabidhi kwa shangazi, na Nyamizi akajua kuwa hajasema.

Filamu ilikwenda. Haikuwa safi kama siku ile. Picha za zamani zilikuwa na chenga, kanga nyingine hazikuonekana maua, na nyuma mtu alinong'ona, "Mbona kwake ilikuwa inang'aa?" Nyamizi aliisimamisha kabla ya kipande cha mwisho na kwenda mbele. Aliwahi kusema mbele ya watu mia tatu bila kutetemeka. Sasa alishika ukingo wa skrini ndipo akaanza.

"Ndugu zangu," alisema, "mlipokuja kwangu mlikuta mashine imezidiwa. Niliona aibu kuwaonyesha picha mbovu, nikawasha kitu kinachokisia pale pasipoonekana. Nilipaswa kuwaambia. Nilijua kabisa napaswa kuwaambia, nami ndiye ninayewafundisha wengine wawaambie, na nilinyamaza. Mtu mliyemwona anaingia wodini hakuwa Sudi. Mtakayemwona sasa ndiye. Chama nimeshakiandikia. Ninyi nawaomba radhi."

Akabonyeza. Walimtazama mtu wa sare ya kijani akinawa, akinywesha, akiinamisha sikio. Walitazama zile dakika kumi na moja zote, hata watoto.

Hidaya hakuwa akitazama skrini. Alikuwa amegeuka tangu katikati, anamtazama kaka yake.

"Kaka," alisema, taratibu kabisa. "Mashine ilikosea. Haya. Lakini wewe ulikuwa wapi?"

Sudi alisimama. Angeweza kusema kwamba alichanganyikiwa, msiba, kilio, watu wengi. Nyamizi alikuwa amemwachia mlango huo wazi. "Kwa kinyozi," Sudi alisema. "Sikuja, Hidaya. Sikuja hata siku moja. Na yale maneno mama hakuyasema."

"Nilikupigia magoti."

"Ulinipigia."

"Mbele ya shangazi. Nikasema nipe radhi, na wewe ukanipa."

Sudi alianza kushuka, goti moja likagusa mkeka, na Hidaya akamkata kwa mkono. "Usinipigie. Magoti yako hayanisaidii kitu." Alijifunga mtandio upya, vizuri, kama anayetoka kwenda kazini. "Mama alisema nini?"

"Sijui. Anajua yule."

"Basi Jumatatu utakwenda kwake, na mimi nitakuwapo. Na wewe dada Nyamizi utakuja. Mlimfuta pamoja, mtamtafuta pamoja."

*

Walimkuta ghorofa ya pili, ushoroba wa wodi ya wanawake, anasukuma mashine yake ya deki. Sakafu nyuma yake ilikuwa imelowa inang'aa. Uso wake ulikuwa mpana, una makovu ya tetekuwanga mashavuni, na Nyamizi alipouona ana kwa ana, kwa macho yake mwenyewe, alishindwa kuuangalia zaidi ya mara moja.

Hidaya ndiye aliyesalimia. Alijitaja, akamtaja mama yake, kitanda cha dirishani, asubuhi ya tarehe ile. Mabula aliizima mashine.

"Mmekuja kushtaki," alisema.

"Kushtaki nini, kaka yangu? Tumekuja kukushukuru. Tumekuona ulivyomnywesha mama. Tulitaka tu kujua alisema nini."

Mabula alivua glavu, moja, kisha nyingine, akazikunja pamoja. "Mimi si muuguzi," alisema. "Haturuhusiwi kugusa wagonjwa. Nilipita tu nikaona midomo imekauka na hakuna mtu. Na jambo lenyewe nililolifanya pale sikumwambia hata mke wangu. Wiki sita nimekaa nalo, naona haya."

"Tuambie," Hidaya alisema.

"Mama alikuwa haoni vizuri tena. Alinishika hapa," akajigusa mkono wa sare, "akasema, 'Sudi, umekuja?' Mimi naitwa Mabula. Lakini alikuwa ameshika kwa nguvu, mtu mgonjwa vile. Nikamwambia, 'Nimekuja, mama.' Mnisamehe. Nilimdanganya mzazi wa watu. Nikasema moyoni, huyo Sudi mwenyewe akifika sasa hivi ataniona mtu wa ajabu, basi nikawa natazama mlango, aje anipokee."

Sudi alikuwa ameegemea ukuta. "Akasema nini tena?" aliuliza, na sauti yake haikusikika vizuri, ikabidi aulize mara ya pili.

"Hakusema mengi. Aliniuliza kama nimekula." Mabula alimtazama, na ikawa kama ndiyo kwanza anaelewa anaongea na nani. "Nikamwambia nimekula. Ndipo akatulia."

Sudi aliteremka na ukuta mpaka akaketi palepale kwenye sakafu iliyolowa, na hakuna aliyemwinua.